Wakitupa taulo usiende kuwaokotea

Jumapili iliyopita nilikuwa banda umiza la mtaani kwetu, lile la nyuma ya mashine ya kusaga, kiingilio mia tano, benchi za mbao watu mmebanana mpaka ukitaka kujikuna unaomba ruhusa kwa jirani. Mechi ya Uingereza, dakika ya themanini na kitu, timu moja ishakula nne na mabeki wanatembea tu kama wamekuja kuangalia mashamba. Sasa pale kwetu kuna jamaa tunamwita Mkalimani, hajaombwa na mtu ila kazi yake ni kututafsiria mtangazaji anachosema, na ukimwambia anyamaze ananuna mpaka mechi ijayo. Mtangazaji akasema "they've thrown in the towel". Mkalimani akageuka, kajiamini kabisa, akasema, "Anasema wametupa mataulo, jasho limezidi, kule sahivi kuna joto balaa."

Na kwenye tivii wachezaji wamevaa glavu na mvuke unawatoka mdomoni kama wanapuliza uji.

Banda zima likaitikia, aah, joto. Mi kicheko kilinibana kweli ila nikanyamaza, maana na mimi nina madhambi yangu kwenye hii idara na sikutaka Mungu anikumbushe mbele za watu.

Iko hivi. Miaka kama sita nyuma nilikuwa kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Dar, bosi Muingereza, vikao vyote Kiingereza, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kikao kikiisha naandika muhtasari kwa Kiswahili unabandikwa kwenye ubao pale stoo ili madereva na wapakiaji nao wajue kinachoendelea. Kipindi hicho tulikuwa tunagombania tenda na kampuni nyingine, bosi akasema, nakumbuka neno kwa neno, kwamba "we're neck and neck", na kwamba "it's going down to the wire", ila yeye anataka "win hands down". Mi huyo nikakaa kwenye kompyuta nikaandika: Tuko shingo kwa shingo na wapinzani wetu, tutashuka mpaka kwenye waya, lakini Mkurugenzi anataka tushinde mikono ikiwa chini. Nikaprinti, nikabandika, nikaenda kula chipsi. Kurudi nakuta dereva mmoja wa lori, mzee wa watu, mkimya, kasimama pale ubaoni kavaa miwani yake. Akaniita pembeni taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, huo waya una umeme?"

Tenda yenyewe tulikosa, tuendelee.

Ile aibu ndo ilinifanya nianze kufuatilia haya mambo, na nilichokuja kugundua ni kwamba zile sentensi tatu za bosi zote zimetoka sehemu moja tu, kwenye mbio za farasi. Hawa wenzetu karne mbili tatu hizi wameweka hela kwenye farasi mpaka lugha yao imenuka zizi. Mtu hajawahi kumgusa farasi maisha yake yote, anafanya kazi benki, lakini akifungua mdomo kuongelea ushindani anatoka farasi. Shingo, kwa mfano, ni kipimo. Kwenye mbio zao farasi hapimwi kwa mita, wanasema kashinda kwa pua, kwa kichwa, kwa shingo, kwa nusu mwili, au kwa mwili mzima wa farasi, kwa hiyo wakiwa shingo na shingo maana yake huwezi kumtofautisha nani yuko mbele. Waya nao ni wa kweli, viwanja vya Marekani karne ya 19 walikuwa wanafunga waya juu ya njia pale mwisho wa mbio, waamuzi wakiwa kwenye kibanda chao juu wanaangalia pua ya nani imetangulia kupita chini yake, so kwenda mpaka kwenye waya maana yake mshindi hajulikani mpaka hatua ya mwisho kabisa. Hauna umeme mzee wangu, nisamehe.

Ila iliyonifurahisha ni hiyo ya mikono chini. Mpanda farasi anashika hatamu kwa nguvu, anamsukuma mnyama, anachapa, anahangaika nayo. Akiangalia nyuma akaona wenzake wako mbali huko hawamfikii, analegeza hatamu, mikono inashuka, farasi anamalizia mwenyewe taratibu. Yaani ushindi wa kulegeza mikono. Sasa mi nimekulia kwenye nyumba ambayo mzee alikuwa bado anaongea maneno ya enzi zile za chama kushika hatamu, kwetu mwenye ushindi ndo anayeshika hatamu na akishashika haachii ng'o, wenzetu ukishashinda unaachia. Nimecheka peke yangu kwenye daladala siku nimeligundua hilo, konda akaniangalia vibaya.

Af ukitulia utaona bosi mwenyewe alikuwa hajui anachoongea. Farasi aliye shingo kwa shingo mpaka kwenye waya hawezi kushinda mikono chini, ukilegeza hapo umeliwa. Kwa hiyo tafsiri yangu ilikuwa mbovu lakini na chenyewe nilichotafsiri kilikuwa kibovu, na hili nalisema bila kinyongo.

Kiswahili ningeandika nini pale ubaoni? Ningeandika tunabanana nao, mshindi hajulikani mpaka filimbi ya mwisho, ila bosi anataka ushindi wa chee. Madereva wote wangeelewa, mpaka yule mlinzi wa getini.

Farasi hajaishia hapo. Kuna "dark horse", ambayo wengi wanaandika farasi mweusi, na sio rangi kabisa inayoongelewa pale, ni giza la kutojulikana, farasi ambaye hakuna mtu anamjua wala aliyemwekea hela, mara paap kapita wote. Aliyeiweka kwenye kitabu ni Benjamin Disraeli, kwenye riwaya yake ya mwaka 1831, na huyu Disraeli baadaye akaja kuwa waziri mkuu wa Uingereza. Wamarekani wakaichukua wakaipeleka kwenye siasa: mwaka 1844 chama cha Democrat kilikaa Baltimore kutafuta mgombea urais, wakapiga kura weee, wakubwa wakakabana koo, raundi ya tisa wakaibuka na James Polk ambaye mwanzoni hata hakuwa kwenye hesabu, na akaenda kuwa rais kweli. Ukitaka kumuelezea mtu wa hivyo kwa Kiswahili bora useme katokea pasipojulikana kawapiga wote bao, kuliko kumletea mtu farasi mweusi, maana kwa watu wa kwetu farasi mweusi usiku huo sio uchaguzi tena, hiyo unaitia ndugu.

Na kwa kuwa tuko kwenye siasa ngoja nimalizane nayo. Angalia vitenzi. Marekani mwanasiasa "runs", anakimbia urais, kama farasi. Uingereza yeye "stands", anasimama tu, sijui anasubiri basi. Sisi tunagombea. Kugombea, ndugu zangu, limetoka kwenye kugomba, kule kule kunakotoka ugomvi. Na uchaguzi wenyewe tunauita kinyang'anyiro, yaani tunanyang'anyana. Mgombea mwenza ukilifungua lile jina ni mtu anayekusaidia kugomba! Kwa wenzetu mgombea mwenza ni "running mate", farasi wa zizi moja anayeingizwa kwenye mbio kumsaidia mwenzake kupanga kasi. Mi hapa Kiswahili nakipa pointi zote tatu, kimekuwa mkweli kuliko lugha zote. Hata ule mfumo wa ubunge wetu tuliourithi kwao, wa mwenye kura nyingi ndo mshindi hata kama hajafika nusu, wanauita "first past the post", wa kwanza kuipita nguzo. Nguzo ya farasi hiyo. Kwenye uchaguzi hakuna nguzo ila wanaiona.

Na wale wagombea wanaopata kura mia mbili na kumi? Magazeti yao ya mbio yalikuwa yanaandika wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu chini kwa maandishi madogo "also ran", na hawa nao walikimbia. Ikawa jina kabisa, mtu anaitwa "also-ran". Sisi tunasema alikuja kusindikiza. Hii naipenda zaidi kwa sababu ina adabu, mgeni anasindikizwa mpaka barabarani, huku wewe mwenyewe unajua safari sio yako.

Basi ukitoka kwenye farasi unaingia ulingoni, na hapa ndo kwenye taulo la Mkalimani.

Baba yangu mdogo, ambaye amenilea sehemu ya utoto wangu, alikuwa mgonjwa wa ngumi. Pambano lake la maisha ni lile la Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman, lilipigwa alfajiri saa kumi ya kule ili Wamarekani waone usiku wao, ambayo kwetu huku ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa kijana mdogo kipindi hicho na anasema siku ile kijiweni hakuna aliyefanya kazi mpaka mchana. Kila akisimulia lazima asimame, aegemee ukuta, anyanyue mikono usoni, aanze kujikunja huku na huku, na sisi watoto tunampiga kwa mito. Ndo ilivyokuwa: Foreman alikuwa na miaka 25, lijitu lile lilikuwa limemmaliza Joe Frazier raundi ya pili, likammaliza Ken Norton raundi ya pili, na Ali alishafika 32, watu wanamhurumia. Ali akaenda kuegemea kamba. Raundi baada ya raundi yuko kwenye kamba, kajifunika, jamaa anarusha makonde mazito yanaishia kwenye mikono na mbavu, anarusha, anarusha, joto la Kinshasa hilo, mpaka raundi ya nane mikono ya Foreman haipandi tena, hapo Ali akatoka kambani akampa mbili tatu za haraka, mtu akaenda chini akizunguka kama mti uliokatwa, refa akahesabu akamaliza zimebaki sekunde chache raundi iishe.

Sasa Kiingereza mtu akiwa "on the ropes", kwenye kamba, maana yake yuko hoi, anakaribia kwisha. Biashara iko kwenye kamba, serikali iko kwenye kamba. Na Ali akaenda akaigeuza, akakaa kwenye kamba kwa makusudi na akashinda kutokea hapo hapo, mpaka wakalazimika kutunga neno jipya kabisa kwa ajili yake, "rope-a-dope". Ni mara chache sana mtu anapigana mpaka lugha inabidi ijipange upya. Baba mdogo yeye Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini hili alilielewa kuliko mimi nilivyolielewa na digrii yangu. Ila lile kelele la uwanjani, "Ali boma ye", ambalo ni Kilingala na maana yake muue, yeye mpaka leo anaamini walikuwa wanasema "Ali, mbomoe". Nilishawahi kumrekebisha. Akaniuliza, wewe ulikuwepo? Nikasema hapana. Na yeye hakuwepo lakini nikaona yaishe.

Taulo sasa. Bondia akiwa anakufa pale kati na mwenyewe hataki kukubali, msaidizi wake wa kona anarusha taulo ulingoni, maana yake basi, mtu wetu hatoki tena, msije mkaniulia. Kabla ya taulo lilikuwa sponji, lile la kumfutia damu, wakawa wanasema "throw up the sponge", baadaye sponji likasahaulika taulo likashika. Kwa hiyo hapo kuna kitu ambacho tafsiri ya kusalimu amri au kunyoosha mikono haikibebi vizuri: anayekubali kushindwa sio anayepigwa, ni yule anayempenda. Mwaka mmoja baada ya Kinshasa, Manila, 1 Oktoba 1975, Ali na Frazier walipigana mpaka raundi ya kumi na nne, Frazier macho yamevimba haoni, anataka kunyanyuka kwenda ya kumi na tano, na mwalimu wake Eddie Futch akamzuia akamwambia refa inatosha. Frazier alibisha. Futch akamkalisha.

Nimeona kwenye mitandao watu wanasambaza kwamba "saved by the bell", kuokolewa na kengele, imetoka kwenye makaburi ya zamani ambapo maiti walifungwa kamba kwenye kidole ikaunganishwa na kengele huko juu ili mtu akizinduka aite msaada. Stori tamu, ya kutisha vizuri, ya uongo. Ni ngumi tu, bondia kabanwa kwenye kona, kengele ya mwisho wa raundi inalia, kapona. Acheni kusambaza.

Sasa kuna hii ambayo ilinipata mimi mwenyewe. Mwisho wa mwaka ule ule wa waya, bosi akatupa fomu za tathmini, kwangu upande wa lugha kaandika tafsiri zangu "not quite up to scratch". Scratch mi najua ni mkwaruzo. Nikakaa na ile fomu nikijiuliza nimemkwaruza nani, au ameona ile gari ya ofisi niliyoigusa kwenye nguzo pale Mwenge na nikanyamaza? Nilikosa usingizi siku mbili kwa ajili ya ile gari, nikafikiria hata kwenda kukiri. Kumbe scratch ni mstari. Enzi za ngumi za mikono mitupu, zile kanuni za London za 1838, raundi haikuwa na dakika, raundi inaisha mtu akianguka. Akianguka anapewa sekunde 30 apumzike, halafu sekunde 8 za kuja mwenyewe, kwa miguu yake, bila kushikwa, mpaka kwenye mstari uliochorwa katikati ya ulingo. Asipofika kashindwa. Sijafika kwenye mstari, ndo bosi alikuwa anamaanisha. Na kweli nilikuwa sijafika, ila angesema haya mapema ningelala.

Gari hawajajua mpaka leo.

Wa mwisho kabisa naye ana jina lake, na hili nalipenda kuliko yote. Timu ikishika mkia kwenye mashindano ya raga ya nchi sita za Ulaya wanasema imechukua "wooden spoon", kijiko cha mti. Hakuna kijiko chochote wanachopewa, ni maneno tu, lakini zamani kilikuwepo kweli, tena chuoni Cambridge, kwenye mtihani wa hisabati. Matokeo yalikuwa yanatangazwa kwa kupangwa wa kwanza mpaka wa mwisho, na yule aliyefaulu kwa kuburuza mkia, siku ya mahafali anapiga magoti kupokea digrii yake, wenzake huko juu roshani wanamshushia kwa kamba kijiko kikubwa cha mti mbele ya wakubwa wote. Cha mwisho alikipata Cuthbert Holthouse wa St John's mwaka 1909, kina urefu wa zaidi ya mita, mpini umechongwa kama kasia. Mwaka uliofuata chuo kikaanza kutangaza majina kwa alfabeti, wa mwisho akawa hajulikani tena, mchezo ukaishia hapo.

Zaidi ya mita! Huo sio kijiko jamani, huo ni mwiko, ule kabisa wa kusongea ugali wa bweni zima, na aliyesoma bweni anaujua. Na Kiswahili kimejaliwa hapa bila hata kujua, maana mwiko ni huo wa jikoni na mwiko ni jambo lisilofanywa. Ukimwambia mtu wa kwetu fulani kapewa mwiko ataelewa vyote viwili. Kwetu shuleni wa mwisho hakuwa anapewa kitu, alikuwa anasomewa jina mstarini, af mwalimu anameza mate kwanza kabla hajalitaja.

Nilivyofika hapa kwenye kufuatilia kwangu nikaanza kujiuliza, haya, wao farasi na ngumi, sisi kushinda na kushindwa tumekutoa wapi? Na jibu nadhani ni chini. Ardhini. Angalia: kaangushwa kwenye kura za maoni, kabwagwa, kapigwa chini, kagaragazwa, kalala chali. Hiyo yote ni mieleka, mtu mgongo wake ukigusa mchanga biashara imekwisha. Kenya mpaka mtihani wanaanguka. Kingine ni kamba, ila sio ya ulingo, ya kumfungia mtu. Mpira tunafunga. Tumewafunga, wametufunga, na neno ni lile lile la kufunga mbuzi, kufunga mlango na kumfunga mtu jela, ndo maana ukisikia kwenye simu "jamaa kafungwa tano" inabidi uulize, magoli au miaka? Na ukijifungia mwenyewe, ambayo wao wanahitaji maneno mawili "own goal", sisi tunasema kajifunga na tumemaliza, na unaona kabisa mtu ameshika kamba anajizungushia.

Tano nayo ni mkono, vidole vitano. Simba alimpiga Yanga mkono mwezi Mei 2012, tano bila, wakatambia mpaka ikachosha, Yanga akaja kurudisha 5 Novemba 2023, tano moja. Wiki ile mtaani ukimpungia mtu kwa mbali kumsalimia inategemea ni nani, mwingine anakujibu, mwingine anachukua jiwe. Timu yangu siitaji, ila Novemba ile sikupungia mtu.

Halafu mbeleko. Hii naomba mnielewe, sijaona lugha yenye kitu kama hiki. Waingereza wakilalamikia refa wanasema uwanja hauko sawa, "level playing field", maneno ya kihandisi. Sisi tunasema wanabebwa. Na nani? Na refa. Kwa nini? Kwa mbeleko! Yaani refa mzima na filimbi yake mdomoni kaweka timu mgongoni kaifunga na kanga kama mama anayepeleka mtoto kliniki. Ukishaiona hiyo picha huwezi tena kuongelea uwanja kuinama.

Ila neno lenyewe kushinda ndo linanichanganya kila nikilikalia. Kiingereza ukishindwa "you lose", umepoteza, neno lile lile la kupoteza funguo. Kana kwamba ushindi ulikuwa nao mfukoni ukadondoka kwenye bodaboda. Kiswahili hupotezi kitu, unashindwa, ni tendo lile lile la kushinda ila limegeuzwa likurudie wewe. Mshindi na mshindwa wanatumia neno moja, wamegawana tu mwisho wake, na wakilifanya wote kwa pamoja wanashindana. Af hilo hilo ndo la kukaa siku nzima: umeshindaje? nimeshinda nyumbani, nimeshinda na njaa. Bibi yangu ukimuuliza ameshindaje anajibu nimeshinda salama, na kwa umri wake nadhani anamaanisha maana zote mbili. Na hilo hilo ukiligeuza la kutoweza: nimeshindwa kuja. Na shetani naye anaambiwa ashindwe.

Kwa hiyo nikisikia mtangazaji redioni anasema "timu imepoteza mchezo wake wa tatu mfululizo" naumia roho. Imepoteza wapi, muitafutie? Imefungwa, imechapwa, imelala, imekula kichapo cha mbwa koko, maneno yapo gunia zima, unaenda kuazima kwa mtu ambaye hata hakujui. Sawa na ule ugonjwa wa "mwisho wa siku", ile "at the end of the day" ya Kiingereza iliyotafsiriwa neno kwa neno, ambao sahivi kila kiongozi anao, mwisho wa siku hivi mwisho wa siku vile, saa tatu asubuhi. Sisemi tusiazime, taulo lenyewe mi nalitumia, kutupa taulo kwa watu wa ngumi hapa Bongo ni Kiswahili kabisa, kwa sababu taulo pale lipo, unaliona, mtu kalishika kwenye bega. Ugomvi wangu ni waya. Nilichobandika mimi pale stoo.

Nirudi banda umiza. Mechi ilivyoisha, tano bila, watu wanatoka, nikamvuta Mkalimani pembeni kistaarabu kama yule mzee wa lori alivyonivuta mimi, nikamueleza lile taulo, kona, msaidizi, mtu wetu hatoki tena. Akanisikiliza mpaka mwisho, kakunja uso, anatikisa kichwa kama mtu anayepokea habari za msiba. Akasema, "Kwa hiyo mzungu akishindwa anatupa taulo." Nikasema ndiyo. "Na sisi tukishindwa tunatupa nini?"

Dogo anayekusanya viingilio pale mlangoni, wala hakuwa kwenye mazungumzo, akajibu bila kuinua kichwa kwenye hela zake, "Chupa."